Wajumbe Wote au Waliohudhuria? Lugha ya Katiba ya Baraza la Wanafunzi wa Uhandisi

Utangulizi

Muhula uliopita idara yetu ilipata wageni ambao hatukuwazoea. Walikuwa wanafunzi watatu wa uhandisi, viongozi wa baraza lao katika chuo kimoja hapa Uganda. Walibeba nakala ya katiba ya baraza hilo, kurasa 11 za Kiingereza, na ombi moja: "Walimu, tunaomba mtutafsirie kwa Kiswahili." Walieleza kwamba baadhi ya wenzao wametoka Kenya na Tanzania, wengine Rwanda na Burundi, na wengine mashariki ya Kongo ambako walisoma kwa Kifaransa. Lugha ambayo wote hao huielewa wanapokaa pamoja karakana ni Kiswahili.

Tulidhani kazi hiyo ingetuchukua wiki moja. Ilituchukua wiki saba. Kilichotuchelewesha hakikuwa uhaba wa istilahi. Kila tulipofika kwenye kifungu muhimu tulilazimika kuwauliza wenyewe walimaanisha nini, na mara nyingi wao nao hawakukubaliana. Makala hii inakusudia kueleza kanuni za baraza la namna hiyo zinavyojengwa, na kuonyesha kwa nini tafsiri ya Kiswahili iligeuka kuwa ukaguzi wa katiba nzima. Tunaamini mwalimu wa lugha na mwanafunzi wake watapata humo somo la kutumia darasani.

Mkasa ulioleta ombi

Kwanza tueleze jambo lililowasukuma kuja kwetu. Baraza lilikuwa na wajumbe 24. Mweka hazina alichelewa kutoa taarifa ya fedha zilizochangwa na wanafunzi kwa ajili ya safari ya mafunzo na ununuzi wa kofia ngumu na viatu vya usalama kwa mwaka wa kwanza. Maneno yakaanza kuzagaa. Mkutano ukaitishwa, wakahudhuria wajumbe 13, na hoja ya kumwondoa mweka hazina ikapigiwa kura. Wajumbe 8 waliunga mkono, 2 walipinga, na 3 walijizuia kupiga kura.

Katiba ilisema kiongozi ataondolewa kwa kura za theluthi mbili ya wajumbe. Basi je, aliondoka au hakuondoka? Wahandisi hawashindwi na hesabu, lakini hesabu hiyo ilitegemea neno ambalo halikuandikwa:

- Ikiwa ni theluthi mbili ya wajumbe wote 24, zilihitajika kura 16. Hoja imeshindwa.
- Ikiwa ni theluthi mbili ya waliohudhuria 13, jibu ni 8.67. Kwa kuwa mtu hagawanyiki, zilihitajika kura 9. Hoja imeshindwa kwa kura moja.
- Ikiwa ni theluthi mbili ya kura 10 zilizopigwa, jibu ni 6.67, yaani kura 7. Hoja imepita, na kura moja imebaki.

Kila upande ulishika hesabu yake. Kwa muda wa miezi miwili baraza lilikuwa na waweka hazina wawili, na benki haikukubali sahihi ya yeyote kati yao. Safari ikaahirishwa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaazima kofia za kaka na dada zao wa mwaka wa pili. Hatimaye mlezi wa baraza aliomba hesabu zikaguliwe. Stakabadhi zilikutwa kamili, hata shilingi moja haikupotea. Lakini kijana wa watu alikuwa amekwisha kuitwa mwizi mbele ya wenzake, na hakutaka tena kugombea nafasi yoyote.

Katiba ya baraza ina nini?

Katiba za mabaraza ya wanafunzi hufanana sana popote duniani. Aghalabu huanza na jina la baraza na madhumuni yake, kisha uanachama, viongozi na kazi zao, uchaguzi, mikutano, kamati, fedha, nidhamu na kuondolewa madarakani, na mwisho namna ya kuirekebisha katiba yenyewe. Baraza la uhandisi huongeza jambo moja la kwake, yaani uwakilishi wa fani: ujenzi, umeme, mitambo, kompyuta na nyinginezo, kila moja ikiwa na wajumbe wake. Baadhi ya katiba huweka idadi sawa kwa kila fani. Nyingine hufuata wingi wa wanafunzi. Utaratibu wa kwanza huzilinda fani ndogo, na wa pili huzipa fani kubwa uzito unaolingana na watu wake.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba katiba hiyo haisimami peke yake. Juu yake ziko kanuni za chuo, na juu ya kanuni za chuo iko sheria ya nchi, ambayo kwa hapa Uganda ni Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001. Chini yake ziko kanuni za uendeshaji, ambazo hueleza mambo madogo kama siku ya kikao na fomu za kugombea. Kanuni ya chini ikigongana na ya juu, ya juu ndiyo hushika.

Wanafunzi wa lugha watafurahi kuona maneno yenyewe yanavyohusiana. Katiba, katibu, kitabu na maktaba yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kuandika. Hivyo katiba ni jambo lililoandikwa, na katibu ni mwenye kuandika. Neno kanuni nalo lilitufikia kupitia Kiarabu, ambacho kililipata katika Kiyunani. Huko maana yake ya awali ilikuwa fimbo nyoofu ya kupimia. Tulipowaambia wageni wetu habari hiyo walicheka, wakasema hicho ni kifaa chao.

Mwanachama na mjumbe

Kikwazo cha kwanza cha tafsiri kilikuwa neno moja. Katiba ya Kiingereza ilitumia neno lile lile kwa mwanafunzi yeyote wa uhandisi na kwa mtu aliyechaguliwa kukaa barazani. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Mtu aliyejiunga na chama ni mwanachama, na aliyetumwa na wenzake kuwawakilisha ni mjumbe. Katika kila mstari tulipaswa kuchagua.

Tulipofika kwenye kifungu cha kumwondoa kiongozi tukauliza: ni theluthi mbili ya wajumbe au ya wanachama? Katibu akajibu bila kusita kuwa ni wajumbe. Makamu wake akasema hapana, aliyechaguliwa na wanafunzi wote huondolewa na wanafunzi wote. Kitivo kina wanafunzi wapatao 600. Theluthi mbili yao ni 400. Kwa hiyo kifungu kilichokwisha kuleta majibu matatu kilikuwa na jibu la nne, ambalo hakuna aliyelifikiria siku ya mkutano.

Hapa ndipo tulipoanza kuiona faida ya kazi yetu. Mtu akisoma katiba kwa lugha aliyoizoea, akili yake hujaza mapengo bila yeye kujua. Mfasiri hana nafasi ya kufanya hivyo. Lazima aandike neno fulani, na ili aliandike ni lazima ajue maana.

Akidi na wingi wa kura

Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uwe halali. Wanafunzi wasiichanganye na akida, neno la zamani la kiongozi wa watu au wa eneo, ambalo watakutana nalo katika historia ya pwani na ya utawala wa Wajerumani. Akidi huwekwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutaja idadi kamili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa mfano, inataka wabunge 50 katika Bunge la Taifa na maseneta 15 katika Seneti. Njia ya pili ni kutaja sehemu ya wajumbe, kama nusu au theluthi. Kwa baraza la wanafunzi, ambalo idadi yake hubadilika fani mpya zinapoanzishwa, njia ya pili ni salama zaidi.

Hata hivyo kuna swali ambalo katiba nyingi hulisahau: akidi inahitajika mkutano unapoanza tu, au mpaka kura ya mwisho? Wajumbe wakiondoka mmoja mmoja kuwahi basi au maabara, watakaobaki wanaweza kuamua? Sisi tuliandika: "Akidi itahitajika wakati wa kufungua mkutano na wakati wa kila kura."

Kuhusu wingi wa kura, wengi wetu tumezoea kusema "nusu na moja". Msemo huu unafaa idadi ikiwa shufwa. Mwaka huu baraza limeongeza mwakilishi, na wajumbe sasa ni 25. Nusu yao ni 12.5, na ukiongeza moja unapata 13.5, yaani itabidi wapatikane watu 14. Lakini watu 13 tayari wamezidi 12. Maneno "zaidi ya nusu" hutoa jibu sahihi kwa idadi yoyote, nayo ni mafupi vilevile.

Tunashauri basi kwamba kila sehemu inapotajwa, iwe nusu, theluthi au robo, ifuatwe na maneno yanayojibu swali "ya nini?" Ya wajumbe wote? Ya wajumbe waliohudhuria? Ya kura halali zilizopigwa? Kila jibu lina sababu zake. Kwa mambo ya kawaida, kura zilizopigwa zinatosha, kwani vinginevyo kazi hazitaenda. Kwa jambo zito kama kumwondoa mtu aliyechaguliwa, "wajumbe wote" humlinda asiondolewe na kikundi kidogo siku ambayo wenzake hawapo.

Ataitisha, anaweza kuitisha

Tusijidanganye kwamba Kiswahili hakina ukungu wake. Tazama sentensi hii: "Katibu ataitisha mkutano kila mwezi." Katika mazungumzo, kiambishi -ta- kinaeleza jambo litakalotokea. Katika lugha ya sheria kinaeleza wajibu. Msomaji asiyezoea lugha ya sheria anaweza kuisoma sentensi hiyo kama ahadi tu. Tulikubaliana kuweka kifungu cha tafsiri mwanzoni, kinachosema kwamba popote katika katiba hiyo -ta- inapotaja kazi ya kiongozi, maana yake ni wajibu.

Kitenzi -weza kina matatizo zaidi. "Mwenyekiti anaweza kuitisha mkutano wa dharura." Je, ana uwezo, ana ruhusa, au huenda akafanya hivyo? Katiba hutoa ruhusa, kwa hiyo tuliandika "ana mamlaka ya kuitisha". Na pale ambapo wajumbe waliotia sahihi ombi wana haki ya kupata mkutano hata mwenyekiti asipotaka, tuliandika "ni lazima aitishe ndani ya siku 7". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kiongozi na mtawala.

Viunganishi navyo vinahitaji uangalifu. "Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watatia sahihi hundi" ina maana kwamba mmoja akiugua fedha hazitoki. "Mwenyekiti, katibu au mweka hazina" ina maana kwamba mtu mmoja anaweza kuzitoa peke yake. Walichokitaka ni "wawili kati ya hawa watatu, mmoja wao akiwa mweka hazina". Na siku je? "Siku 14" zinahesabiwa pamoja na siku ya tangazo? Likizo imo? Tuliandika "siku 14 za masomo, bila kuhesabu siku ya tangazo".

Jambo jingine ni kura ya mwenyekiti pale kura zinapolingana. Baadhi ya wanafunzi waliiita kura ya turufu. Turufu humpa mtu uwezo wa kuzuia uamuzi wa wengine, kama walivyo nao wanachama 5 wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ya mwenyekiti wetu ni kura ya uamuzi tu.

Mhandisi aliyeandika kanuni za mikutano

Katiba tuliyoletewa ilikuwa imechukua maneno mengi kutoka katiba za mabaraza ya uhandisi ya vyuo vya Marekani. Hivyo haikushangaza kukuta mwishoni kifungu kinachoonekana katika nyingi za katiba hizo: jambo lisiloelezwa humu litaamuliwa kwa kufuata kitabu cha Robert. Wanafunzi walikuwa hawajui Robert ni nani. Tukawaeleza kwamba ni mwenzao.

Henry Martyn Robert alikuwa mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863, akiwa New Bedford katika jimbo la Massachusetts, aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa. Hakujua taratibu, na mkutano ukamshinda. Aliona aibu, akaanza kusoma. Baadaye alihamishiwa San Francisco, mji uliojaa watu kutoka kila pembe ya nchi, na akagundua kwamba ugomvi mwingi mikutanoni ulitokana na kila mtu kudhani taratibu za kwao ndizo za kila mahali. Mwaka 1876 alichapisha kitabu chake cha kanuni za mikutano kwa gharama zake mwenyewe, nakala 4,000. Toleo la 12 la kitabu hicho lilitoka mwaka 2020. Robert huyo huyo alikuwa miongoni mwa wahandisi waliobuni ukuta wa bahari wa Galveston, Texas, baada ya kimbunga cha mwaka 1900 kuua maelfu ya watu.

Hali ya San Francisco ni hali ya karakana ya wageni wetu. Aliyetoka Kisumu husema "naibu mwenyekiti" na "mhazini". Aliyetoka Mwanza husema "makamu mwenyekiti" na "mweka hazina". Wa kwanza huandika kumbukumbu za mkutano, na wa pili aghalabu huandika muhtasari. Hakuna aliyekosea. Lakini katiba ni lazima ichague neno moja na kulishika mpaka mwisho, kwani msomaji akikuta maneno mawili atadhani ni vyeo viwili.

Kitabu cha Robert nacho kina mtego kwa mfasiri. Kiingereza kina kitenzi kinachotokana na neno la meza. Kwa Waingereza, kuiweka hoja mezani ni kuileta ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuisogeza kando isijadiliwe kwa sasa. Kiswahili cha bunge kimefuata njia ya Waingereza: katika taarifa rasmi za Bunge la Tanzania utakuta orodha ya hati zilizowasilishwa mezani. Mfasiri akitafsiri neno kwa neno kutoka katiba ya Kimarekani, atakuwa amesema kinyume kabisa. Sisi tuliiacha meza, tukaandika "kuwasilisha hoja" na "kuahirisha hoja".

Mlango wa marekebisho

Kifungu cha mwisho ndicho kinacholinda vingine vyote. Katiba inayobadilishwa kwa urahisi si katiba, na isiyobadilika kabisa hupuuzwa. Wanafunzi wakitaka mfano wa uandishi makini kwa Kiswahili, wasome ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Mabadiliko yanahitaji theluthi mbili ya Wabunge wote, na kwa baadhi ya mambo yanayougusa Muungano, theluthi mbili ya Wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya Wabunge wote wa Zanzibar. Neno "wote" halikusahauliwa. Neno hilo hilo moja, kama lingekuwamo katika katiba ya wageni wetu, lingetosha kumaliza ubishi jioni ile ile.

Kwa walimu wenzetu

Tunapendekeza zoezi lifuatalo kwa madarasa ya mwaka wa pili na kuendelea. Wanafunzi waletewe katiba yoyote ya chama cha hapo chuoni. Kila kikundi kichague vifungu vitano, kivitafsiri, na kiandike kando kila swali ambalo kilishindwa kulijibu bila kuwauliza wenye chama. Kisha waende wakawaulize. Mwalimu asisahihishe sarufi peke yake. Apime pia maswali yaliyoibuliwa.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na tangu hapo tumesikia hotuba nyingi za kukisifu. Hotuba ni njema, lakini lugha huwa rasmi kwa kweli pale watu wanapoiamini na mambo yao mazito: fedha zao, viongozi wao, heshima zao. Wahandisi wale watatu hawakuja kutuambia kwamba Kiswahili ni kitamu. Walikuja kwa sababu sentensi moja mbovu ilikuwa imemwumiza mwenzao.

Katiba mpya, yenye maandishi ya lugha mbili ubavu kwa ubavu, ilipitishwa na wajumbe 21 kati ya wote 25. Kifungu cha kumwondoa kiongozi sasa kinasomeka: "Kiongozi ataondolewa madarakani kwa kura zisizopungua theluthi mbili ya wajumbe wote wa Baraza, baada ya kupewa siku 7 za masomo za kujitetea kwa maandishi." Kwa wajumbe 25 hizo ni kura 17. Tumeambiwa kwamba maneno ya kujitetea yalipendekezwa na mweka hazina wa zamani, ambaye alialikwa katika kikao hicho akakubali kuja.

Wasomaji wenye katiba, kanuni au miongozo ya vyama iliyoandikwa kwa Kiswahili tunawaomba watuletee nakala idarani. Tungependa katika toleo lijalo kuanza orodha ya istilahi za mikutano zinazotumika katika nchi zetu jirani.